Baba Ameiona Picha ya Mama

Jumapili, Moshi

Kumbe nilihofia bure. Picha ya mama nimeichora kwa rangi za ukungu tu, kijivu na kahawia. Amevaa gauni lake la kanisani, ameinamisha macho, anawaza. Dada alinionya, "Sura haionekani vizuri. Baba ataumia."

Leo nimempelekea baba picha hiyo nyumbani Uru. Aliitazama muda mrefu. Nilitaka kuifunika niondoke nayo.

"Ndivyo alivyokuwa akinisikiliza," akasema baba taratibu. "Macho chini, halafu ananijibu neno moja tu."

Akacheka kidogo, akaanza kunisimulia walivyokutana. Tangu tumzike mama, baba alikuwa hajawahi kumtaja. Leo ameongea mpaka chai ikapoa.