Begi la Mtu Mmoja

Jumatatu, 3 Machi 2025

Ufa umeongezeka. Juzi ulikuwa unaishia juu ya jiko, leo umefika dirishani – kidole kinaingia. Ni lile shimo la kiwanja cha jirani. Wanachimba msingi mchana kutwa, na sisi huku ghorofa ya nne vikombe vinagongana kabatini. Mwenye nyumba anasema ni plasta tu. Plasta!

Nimefunga duka la vitenge mapema, nikapita Mtaa wa Kongo. Nimenunua begi la mgongoni, tochi, filimbi, power bank, bandeji. Muuza filimbi akasema nichukue mbili. Nikamwambia moja inatosha.

Jumatano, 5 Machi

Begi limejaa. Maji, biskuti, raba, khanga, vyeti vyangu, cheti cha kuzaliwa cha mwanangu Allen, ambaye yuko bweni Moshi. Nimelivaa, nimeshuka nalo ngazi mbio mpaka chini na kurudi. Nimejisikia vizuri ajabu!

Mama mkwe alikuwa kwenye kochi anasikiliza misa ya Majivu redioni. Kanisani hawezi tena, magoti. Tangu mume wangu Ansbert ahamishiwe Dodoma kikazi tuko wawili tu, mimi na mama yake. Akaliangalia begi, akaniangalia.

"Unasafiri, mama Allen?"

"Hapana mama. La semina."

Semina gani! Nikaingia chumbani nikalifungua. Hamna kitu chake hata kimoja. Dawa zake za presha hamna. Na sikusahau – hilo ndilo baya. Nilipokuwa napanga nilijiona nashuka ngazi, na nilijiona peke yangu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeongeza dawa zake na sweta. Kisha nikamwambia tushuke tukaote jua, kumbe nataka kuona tutachukua muda gani. Ghorofa ya tatu akapumzika. Ya pili akakaa kabisa kwenye ngazi, anacheka, anasema kwao Rombo alikuwa anapanda mlima na mkungu wa ndizi kichwani. Shomari, fundi cherehani anayekaa hapo, akamtolea kiti. "Shikamoo bibi." "Marahaba, baba."

Shomari alipoingia ndani, mama akaniambia taratibu, "Lile begi si la semina. Ni la hili ghorofa."

Nikainama, nikamtengenezea khanga miguuni.

"Siku hiyo ukishuka, uniachie mlango wazi. Usifunge."

Kasema kama mtu anayeomba chumvi. Nimelia bafuni, nikafungulia bomba asisikie.

Jumapili, 9 Machi

Nimempigia Ansbert ili nimwambie tumhamishe mama. Akaniwahi – anasema analala usingizi mzuri kwa sababu mama yuko na mimi. Akauliza kuhusu ufa. Nikasema ni plasta tu. Maneno ya mwenye nyumba, kinywani mwangu! Ningesema kweli, angeuliza nimejiandaaje.

Jumanne, 11 Machi

Niko barazani kwenye duka la vyombo, ng'ambo ya barabara.

Asubuhi nilikuwa bado sijatoka kwenda dukani. Mama yuko chumbani kwake. Mara mlio – kama lori linamwaga kokoto. Vumbi jikoni. Watu kwenye ngazi, tokeni, tokeni! Nikashika begi, nikakimbia. Ngazi sizikumbuki. Nilipofika barabarani ndipo nikageuka.

Mlango nilikuwa nimeuacha wazi. Hilo nililikumbuka!

Nilitaka kurudi, watu wakanishika. Ukweli – hawakunishika sana.

Halafu Shomari akatokea, mama mgongoni, wote weupe kwa vumbi. Amefunga Ramadhani, midomo imemkauka, na alipanda ngazi wakati sisi wengine tunashuka.

Ghorofa halijaanguka. Ukuta wa jikoni umeondoka wote, naiona friji yetu kutokea huku. Askari wameshazungusha utepe.

Ansbert akapiga. Mama akaichukua simu mkononi mwangu. "Tuko salama, mwanangu. Mama Allen ndiye kanishusha." Sauti ya kawaida kabisa. Shomari yupo hapo hapo, anajipangusa. Akainamisha kichwa.

Nikarudishiwa simu. Ansbert analia, anasema asante, asante mke wangu. Nikamjibu pole na kazi. Pole na kazi!

Anakuja na treni ya mchana. Anataka nimsimulie nimewezaje, mama na uzito ule, ngazi zote zile.

Nimemuuliza mama kwa nini amesema vile. Amefumba macho, kaniegemea begani. Anasema nimtafutie Shomari mahali penye kivuli, mtu amefunga yule.

Sijainuka. Shomari mwenyewe ndiye anakuja huku. Anauliza mume wangu anafika saa ngapi, angependa amsubiri amsalimie –