Papasi Niliowakana

Jumamosi. Upepo wa kipupwe umevuma tangu alfajiri, uani vumbi tupu.

Leo natimiza wiki ya tano ya ndoa, na Hamisi akiniita "mke wangu" moyo bado unaruka. Juzi alinibebea maji ya moto bafuni, mama yake akiangalia. Nampenda mpaka najiona mjinga. Ningependa kuandika hayo tu.

Lakini nina aibu.

Wiki iliyopita walipita watafiti wa homa ya papasi, wale kupe wa kwenye nyufa wanaouma watu wakilala. Mmoja, dada mpole, alinieleza kwamba vimelea vyake vina undugu na vya Lyme, ugonjwa wa kupe unaozidi kusumbua watu Ulaya na Marekani. Wa kwao unajulikana, wa kwetu unatibiwa kama malaria. Alisema zamani papasi walisafiri kwenye mikeka ya wapagazi, kwa njia hii ya misafara inayopita nyuma ya nyumba yetu. Akaomba kuchota udongo wa sakafuni.

Wakwe walikuwa shambani. Nilikuwa peke yangu mlangoni, hina bado mikononi, na nikaona nyumba ya mume wangu inavunjiwa heshima.

"Humu hamna papasi, dada. Sakafu naisiriba kila Ijumaa."

"Usafi hauwazuii, mdogo wangu."

"Basi jaribuni kwa jirani."

Wakaenda.

Nilijua nasema uongo. Mgongo wangu ulikuwa na alama za kuumwa. Na wifi yangu Zuhura, aliyekuja kujifungua mtoto wake wa kwanza kwa mama yake, alikuwa na homa inayoondoka na kurudi. Analala kwenye mkeka, chini.

Leo asubuhi homa imempanda tena, tukamkimbiza kituo cha afya. Wamepima damu: homa ya papasi. Ameanza dawa, lakini nesi amesema mtoto anaweza kuja kabla ya miezi yake kutimia.

"Watafiti si walipita kijijini kwenu?" akauliza.

"Kwetu hawakufika," mama mkwe akajibu, kwa moyo safi kabisa.

Mimi nikakaa kimya.

Kimya hicho kinaniuma kuliko ule uongo. Njiani Hamisi amenishukuru kwa kumshika dada yake vizuri.

Sasa mama mkwe yuko jikoni, amebandika chai. Nikifunga daftari hili nakwenda kumwambia yeye kwanza. Hamisi atanisamehe upesi mno.