Erasto Amempiga Mama Mkwe Risasi Angani

Vivian uko wapi?? Kaka yangu Erasto amempiga mama mkwe wake risasi. Angani!!

Lile gemu alilotengeneza, la watu kuelea angani wakipigana, hakuna juu wala chini, si Turwa nzima imelipakua? Leo kakutana humo na mtu anayejiita Chui wa Kerende. Kampiga mgongoni, akapiga kelele kwenye simu: "Kufa, ng'ombe wewe!"

Sauti ikajibu taratibu: "Erasto. Ni mimi, mama yake Gati."

Mama wa mke wake!! Yule ambaye Erasto akimwona njiani anaingia kwenye mahindi, maana kwetu mkwe na mama mkwe hawakutani uso kwa uso!

Kaka wa watu akasimama, akavua kofia, akaishika simu kwa mikono miwili. "Shikamoo mama."

Mwanaume mzima ameiinamia simu, Vivian!

"Marahaba, baba." Halafu akamlipua kichwani, Erasto akiwa bado ameinama.

Mwanaanga wa Erasto anaelea tu, anazunguka kama pia. Mama anacheka: "Huko chini tutaendelea kukwepana. Huku juu hakuna mkwe. Ingia tena!"