Vidole vya Bukiriro

Jumamosi, 24 Septemba 2016

Imekubali! SDK imekubali kukaa ndani ya app yetu, na simu imeiona skana. Nimepiga kelele ofisini mpaka mlinzi akachungulia dirishani. Wiki nzima nimeteseka — bando linaisha katikati ya kupakua, umeme unakatika, nahamia kule juu karibu na mnara na kukaa kwenye nyasi, laptopu mapajani. Watu wa sokoni wanapita wananipa pole. Hawajui hata pole ya nini.

Mama kapiga simu kutoka Bukiriro, anauliza hii kazi yangu ni kazi gani hasa. Nikamwambia: Mama, kuna watu wametengeneza kifaa cha kusoma vidole. Wametupa na kifurushi chao, kinaitwa SDK. Mimi nakifunga ndani ya programu yetu ya simu ili simu na kifaa vielewane. Akasema, kwa hiyo wewe ni mshenga. Haya, mshenga.

Skrini zote zilikuja kwa Kiingereza. Nimezigeuza Kiswahili na Kirundi, maandishi makubwa, rangi za shirika. Kitufe cha "Ruka" nimekiondoa kabisa. Bosi Idefonsi ndiye aliyetaka — anasema waandikishaji watakuwa wanaruka vidole vya watu siku nzima ili wawahi kula. Sikubisha.

Lakini jambo moja linanisumbua. Jumatano app inaanza kazi kituo cha mapokezi, pale wanapolala wakimbizi wa Burundi kabla ya kupandishwa mabasi ya kambini Kibondo. Simu yangu ikimkataa mtu, hana kadi. Hana kadi, hana basi, hana chakula kule kambini. Na mimi nimeijaribu kwa vidole vya nani? Vya ofisini. Watu wa kushika kalamu na vikombe vya chai!

Jumapili, 25 Septemba 2016

Nimeenda Bukiriro na bodaboda, skana nimeizungushia kitenge isipigwe na vumbi. Nimemkuta Mama katoka misa, anamenya ndizi nje ya jiko, vidole kavipaka mafuta utomvu usigande. Nikamwomba anawe. Kanawa, kaweka kidole.

"Alama haisomeki."

Kajifuta na kanga. Haisomeki. Kidole gumba, haisomeki. Mkono wa pili, vilevile. Jembe, mihogo, utomvu wa miaka yote hiyo — mistari imekwisha. Kidole cha Mama ni laini kama kijiko cha mti.

Akaniuliza, kwa hiyo mashine yako inasema mimi sipo? Alikuwa anacheka. Mimi nilitaka kulia.

Akaja Leonsia, jirani yetu. Wakaja na wenzake wa jumuiya. Haisomeki, haisomeki, haisomeki. Hasira ikanipanda. Hao wenye skana walipima vidole vya nani huko kwao? Nani kati yao amewahi kumenya ndizi?

Nikafungua mipangilio. Kuna namba ya ukali, wao waliiweka 60. Namba ikiwa kubwa, kifaa kinataka mistari iliyo wazi. Nikashusha 50. Bado. Nikashusha, nikashusha. Kwa 35 — ting! — Mama amesomeka! Wakapiga vigelegele. Leonsia akarudi, amesomeka. Wote wamesomeka! Wanacheza pale uani kama tuna kipaimara.

35 inabaki hapo hapo. Nimerudi mjini na mkungu wa ndizi kwenye pikipiki. Leo nimefanya kitu cha maana.

Jumatano, 28 Septemba 2016

Tumeanza. Mwandikishaji ni Dafroza, msichana mtulivu wa hapa Ngara, Kirundi anakitiririsha. Foleni mpaka nje ya uzio. Mvua ikanyesha, watu hawakutoka kwenye foleni. Nilisimama nyuma yake nikiomba rozari kimoyomoyo kila kidole kikiwekwa. Hakukataliwa mtu hata mmoja. Wazee kabisa, mikono kama magome — ting, ting.

Bosi kanishika mkono mbele ya watu wote. Ijumaa ya wiki ijayo wageni wa wafadhili wanakuja kuona. Sijui kwa nini bado naogopa. Labda ndivyo nilivyozaliwa.

Jumatatu, 3 Oktoba 2016

Dafroza kapiga asubuhi. Simu imekamata mtu anayejiandikisha mara ya pili! Bosi karibu aruke. Ndiyo maana tuliitengeneza, anasema, wapo wanaotoroka kambini na kurudi kuchukua kadi nyingine. Hilo ni kweli, wapo.

Aliyekamatwa ni bibi mmoja, Nyandwi. Simu inasema aliandikishwa Alhamisi na kuondoka na basi Ijumaa.

Dafroza alipobaki na mimi tu kwenye simu akashusha sauti. Dada Recho, yule wa Alhamisi nilimwandika mwenyewe. Alikuwa mrefu, yuko na mumewe. Huyu ni mfupi, ana mjukuu tu. Picha hatuna — tulisema kamera inamaliza chaji, tuiweke awamu ya pili. Nikamweleza bosi. Akasema: jina moja, mwaka mmoja, kidole kimoja, Recho, unataka ushahidi gani tena?

Jina moja! Bosi ni mtu wa Bukoba, hajui. Nyandwi ni mtoto wa saba. Kila mwanamke akizaa wa saba, basi Nyandwi. Ng'ambo ya mto wamejaa, hata kwetu wapo. Na miaka ya wazee anakadiria Dafroza kwa macho. Nilimwambia bosi yote hayo. Akajibu, na kidole nacho anakadiria nani?

Hapo nikaikumbuka ile namba.

Ana mjukuu wa kike, Ishimwe, hajafika umri wa kwenda shule. Kwa kuwa bibi ni "mdanganyifu", mtoto ameandikwa hana mlezi. Alhamisi anapandishwa basi la watoto wasio na wazazi. Peke yake. Bibi anabaki kusubiri maafisa, na maafisa hakuna ajuaye watakuja lini.

35. Sijamwambia mtu. Yesu na Maria, isiwe ile 35.

Jumanne, 4 Oktoba 2016

Ni ile 35.

Nimeomba ruhusa, nimesema naumwa, na kweli nilikuwa naumwa. Bukiriro mbio. Nimemsajili Mama kwenye simu kwa jina lake, Petronila. Kisha nikamwita Leonsia aweke kidole chake. Ting. "Petronila — tayari ameandikishwa."

Leonsia akaangua kicheko. Kumbe nimeolewa na baba Recho bila kujua! Mbona hajawahi kuninunulia kitenge? Wenzake hoi kwa kicheko. Mama akamjibu, mchukue, mchukue na kikohozi chake chote. Nami nimekaa chini.

Jumapili ile nilipima kama kila mmoja anasomeka. Sikupima kama wanatofautiana! Mtoto wa shule angeuliza. Nilikuwa nashangilia. Ukishusha ukali kiasi kile, vidole vilivyochakaa vinafanana vyote, simu haioni mtu, inaona jembe. Nilimwonea Mama huruma, nikawaharibia wengine.

Mama aliniona uso. Nikamweleza habari ya bibi na Ishimwe. Hakunifokea. Alisema, mficha maradhi kifo humuumbua, nenda ukaseme. Kisha akauliza jina la ukoo wa yule bibi, labda ni mtu tunayemjua. Sikujua. Sikuwa hata nimeuliza.

Jumatano, 5 Oktoba 2016

Nimesema.

Idefonsi alifunga mlango. Akasikiliza mpaka mwisho, sikutegemea. Akauliza ni wangapi. Sijui, nikasema, anayejulikana ni mmoja. Akasema wageni wanaingia keshokutwa, usiguse kitu, Jumatatu tutakaa turekebishe. Nikamwambia basi ni kesho. Akasema, Recho, ni bibi mmoja. Nikasema ni mmoja tunayemjua!

Akaniangalia kwa upole kabisa. Mkataba wako unaisha Desemba, siyo? Ndiyo. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye kompyuta yake. Basi.

Si mtu mbaya. Mradi huu ukifa, nusu ya ofisi inarudi nyumbani, na mimi wa kwanza. Nalijua hilo vizuri. Laptopu yangu yenye msimbo wote wa app kaichukua, anasema anaandaa maonyesho ya Ijumaa.

Lakini ile namba naweza kuibadilisha kwenye simu yenyewe. Niliacha mlango mdogo wa mipangilio. Hajui.

Naogopa. Nitaenda.

Alhamisi, 6 Oktoba 2016

Naandika nimekaa kwenye gogo kando ya barabara, chini kidogo ya geti la kituo. Nikiacha kuandika nitapiga kelele.

Nimefika mapema. Dafroza alinipa simu bila swali. Nyandwi alikuwa kwenye mkeka pembeni ya hema, Ishimwe kalala mapajani pake. Mfupi kweli. Nilimpa shikamoo, hakuijua, nikamwamkia kwa Kihangaza chetu, ndugu wa Kirundi, na tukaelewana. Akaniuliza: mwanangu, wanasema nimeshaondoka. Nimeondoka nikaenda wapi?

Nikarudisha namba kwenye 60. Akaweka kidole. "Alama haisomeki." Angalau hakuwa tena yule mwingine. Tukajaribu vidole vyote kumi. Maji, mafuta, kitambaa kibichi. Haisomeki. 55. 50. 45. Haisomeki. 40 — "tayari ameandikishwa". Nikapandisha 42, haisomeki. 41, haisomeki. Nikashuka tena 40, ni yule mwingine. Hakuna namba ambayo Nyandwi ni Nyandwi! Juu yake hayupo, chini yake ni mtu mwingine.

Na Ruka haipo. Niliiondoa kwa mikono yangu. Kuirudisha ni kujenga app upya, laptopu iko kwa Idefonsi.

Dereva akaanza kupiga honi. Mwanamke wa kitengo cha watoto akaja kumchukua Ishimwe, akamwinua akiwa bado na usingizi. Mtoto akazinduka, akaona mikono ya mgeni. Jamani, ile sauti. Nyandwi hakupiga kelele. Aliinuka tu akamfuata na mikono imenyooshwa, mlinzi akamzuia.

Dafroza alimkimbilia mtoto. Mezani nikabaki mimi, simu na skana.

Niliandika Nyandwi. Nikaandika mjukuu mmoja, Ishimwe. Simu ikaomba kidole. Nikaweka changu.

Ting. Alama safi.

Mashine ya kuchapia ikatoa kadi. Nikakimbia nayo mpaka kwenye basi, nikampigia mlinzi kelele kwamba yameisha, yalikuwa makosa ya mashine, huyu hapa. Akaisoma kadi, akamwachia. Mtoto akamrukia bibi yake kifuani. Nyandwi akanishika mikono yote miwili, akasema, Imana iguhezagire. Akanibariki! Basi likaondoka. Dafroza aliniuliza, dada, hatimaye kimesomeka? Nikasema kimesomeka.

Nilitembea kuja mpaka hapa barabarani moyo mweupe kabisa. Ndipo akili ikanirudia, nikakaa.

Kule kambini chakula wanagawa Jumamosi, kwa kidole. Simu zao zinapokea kumbukumbu zetu usiku huu. Jumamosi atapanga foleni na kadi yake, ataweka kidole chake, na simu itasema siye. Watamuuliza, wewe ni nani, kadi hii umeitoa wapi? Naye atasema ukweli, kwamba alipewa na binti mmoja Ngara. Jana alikuwa hana kosa lolote. Leo amebeba kadi ya uongo, na hajui. Na Ishimwe ameandikwa chini ya kidole changu. Kwa mujibu wa simu, mlezi wa mtoto yule ni mimi.

Nikimwambia Idefonsi, wanafuta kadi na mtoto ananyang'anywa tena, huko huko, mbele ya foleni. Nisipomwambia, yanamkuta Jumamosi.

Simu inaita. Idefonsi. Imekatika, inaita tena. Nimeigeuza kifudifudi kwenye gogo.

Bodaboda amesimama mbele yangu, anauliza kama tunaenda mjini. Nimemuuliza kama pikipiki yake inafika Kibondo. Amezima injini, ananitazama.