Kifaransa cha Mapera

Jumatatu, 3 Februari

Kifaransa tena, kipindi cha pili. Tumesimama, tumesema bonjour kwa pamoja, tumekaa. Kiti ni cha kike. Kitabu ni cha kiume. Dirisha ni la kike. Nani aliyechungulia akajua, sijui. Nimeandika yote.

Mwaka jana tukiwa kidato cha pili walituambia Kifaransa ni nyimbo, filamu na kupiga picha na wageni. Uongo mtupu. Ni vitenzi ubaoni, na Mwalimu Shemdoe anapita katikati ya madawati akisubiri mtu akosee. Neno lina herufi saba, zinazosomwa ni nne. Tisini ni ishirini mara nne, ujumlishe kumi. Nilimuuliza kwa nini. Akasema ndivyo ilivyo. Kwa jibu hilo hata mimi naweza kufundisha.

Leo ilikuwa zamu yangu kujitambulisha. Je m'appelle, yaani jina langu ni. Nilisimama nikasema. Akasema rudia. Nikarudia. Akasema, "Mapera? Kwani unauza mapera?" Darasa zima likaangua kicheko.

Kwetu Keza, wilaya ya Ngara, l na r ni kitu kimoja. Kwa Kihangaza, lugha yetu, hakuna aliyewahi kuniuliza nimetamka ipi. Nilisema je m'apperre, na sasa nikijirudia kimoyomoyo naisikia kabisa: mapera. Nimechukia. Wafaransa siwachukii, hawajanifanya kitu. Namchukia Shemdoe.

Jumatano, 5 Februari

Naitwa Mapera. Bwenini Mapera, kwenye foleni ya uji Mapera, bombani Mapera. Hata kidato cha kwanza, ambao bonjour yenyewe hawaijui.

Editha analala kitanda cha juu, mimi cha chini. Anasema litaisha lenyewe. Halitaisha.

Ijumaa, 14 Februari

Shemdoe aliita majina. Alipofika kwangu akasita. Akasema duniani hakuna jina Reokadia, kuna Leokadia. Akachukua kalamu nyekundu akakata, mbele ya macho yangu, akaandika la kwake.

Jina langu liko hivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, cha darasa la saba na kwenye matokeo ya kidato cha pili. Bibi ndiye aliyelichagua. Alilitamka, karani akaandika alivyosikia, basi likawa. Shemdoe katoka Tanga na anadhani Kiswahili kilizaliwa chumbani kwao. Nimeng'ata kalamu mpaka imepasuka, wino umeingia mdomoni.

Halafu akatangaza: tarehe 11 Aprili, mtihani wa kuzungumza. Mmoja mmoja, ofisini kwake. Asiyefikisha nusu anaondolewa Kifaransa, anahamishiwa Kilimo. Wakati anasema alikuwa ananitazama mimi.

Jumapili, 16 Februari

Niandike kwa nini sitaki kuhamia Kilimo, nisije nikajisahaulisha siku nikichoka.

Kwanza, nimelima tangu nina miaka sita. Sikupanda basi kuja Biharamulo kusomea jembe.

La pili ndilo lenyewe. Mwaka juzi nilimsindikiza Mama Rusumo, mpakani. Kwenye ofisi moja ya mizigo kulikuwa na dada amekaa dirishani. Amesuka, amevaa miwani. Madereva wanne wa malori wamesimama mbele yake wanaongea Kifaransa, yeye anawajibu huku anagonga mihuri, hata sauti hapandishi. Madereva hao hao ndio wanaomfokea Mama kule Lusahunga anakowapikia, kwamba mboga haina chumvi. Pale walikuwa wapole kama wako kwa padri.

Nalitaka dirisha lile. Kwamba dirisha ni la kike, hapo Wafaransa hawakukosea.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Tumetoka misani na majivu usoni, moja kwa moja darasani.

Shemdoe kaandika maneno mawili. La loi, sheria. Le roi, mfalme. Akanisimamisha. Nikitaka kusema sheria, anatoka mfalme. Nikitaka kusema mfalme, anatoka mfalme. Akasema nisimame mpaka sheria itoke. Haikutoka. Nimesimama kipindi kizima na majivu yangu, watu wanacheka wameinamisha vichwa.

Wakati wa kutoka akasema Kwaresima ni toba, nianze na ulimi. Sikulia darasani. Nimelia chooni, nimenawa, nimekwenda kula. Maharage yalikuwa na mawe.

Alhamisi, 13 Machi

Imla leo. Nimepata nzuri kuliko wote. Kuandika sina shida, hata zile herufi za mwisho zinazoandikwa bure naziweka mahali pake. Shemdoe alirudisha daftari akapita. Angenipongeza angekufa.

Mtihani si wa kuandika, ndiyo tabu.

Jumamosi, 22 Machi

Likizo fupi. Niko Lusahunga kwa Mama. Anapika pale pale kando ya barabara, mimi naosha sahani.

Mchana alikuja dereva mmoja Mrundi, mtu mzima, anaitwa Mzee Deo. Nikamsalimia shikamoo, akaitikia marahaba. Mama akajigamba kwamba mwanawe anasoma Kifaransa. Nilitamani ardhi inimeze. Mzee akanisemesha. Je m'apperre Déo. Vile vile! Apperre! R yangu ile ile, na lori lake lina matairi ishirini na mbili na linavuka Rusumo kila wiki.

Nilimuuliza kama mpakani wanamcheka. Akasema, "Wanicheke nini? Wananigongea muhuri, napita."

Nilifurahi kama dakika tano. Halafu nikamuuliza kuhusu yule dada wa miwani. Akasema, ah, yule anaongea kama redio. Kwa hiyo dereva anapita na r yake, ila anayekaa dirishani anatakiwa aongee kama redio. Hasira imenirudia yote. Mama anasema, "Reokadia, kura kwanza, ugari unapoa." Nimekula nimenuna.

Jumapili, 23 Machi

Nimegundua kitu.

Mama alikuwa anamenya ndizi, kajisahau, akaanza kuimba wimbo wa Pasaka. Aleluya, aleluya. Katikati akashtuka, akafanya ishara ya msalaba, maana Kwaresima neno hilo halitamkwi. Lakini nilikuwa nimeshasikia. L safi kabisa. Mbili! Mama huyu huyu wa kura na ugari!

Nikajaribu polepole. Aleluya. Ikatoka. Ulimi unaijua l siku zote, ila umeihifadhi kanisani. Mama kanirushia ganda la ndizi, kasema kama nataka laana niitafute shuleni kwetu.

Jumatano, 26 Machi

Nimerudi shule. Kila jioni naenda nyuma ya tangi la maji. Aleluya, aleluya, alel, alel, appelle. Naingia kwenye neno nikiwa bado na Aleluya mdomoni. Kati ya mara kumi inatoka mara nne.

Editha kanifuma. Yeye ni wa kwaya, mshika dini kweli kweli. Karuka kama kaona nyoka. Kwaresima! Kasema hata kwaya wenyewe wameliweka kabatini neno hilo mpaka mkesha wa Pasaka. Nimemwambia siimbi, natafuta herufi. Kasema Mungu hajui tofauti. Nimemwambia basi Mungu ni bora kuliko Shemdoe. Ameondoka bila kuniaga.

Ijumaa, 4 Aprili

Aibu ya leo imeshinda zote.

Nilijiona nimeiva. Nikanyoosha mkono mwenyewe, mwenyewe! Je m'appelle ikatoka safi, hata Shemdoe akainua kichwa. Nikaendelea. Nikitaka kusema naishi Ngara: J'habite à Ngala. Nikitaka kusema naongea Kifaransa, parle français: Je palle flançais. L imefunguka, haifungiki, imejaa kila mahali. Wakacheka mpaka mmoja akaanguka kwenye benchi. Shemdoe akasema, "Afadhali ya mapera."

Imebaki wiki moja. Nawachukia wote, na Kifaransa chenyewe sasa nakichukia. Nimetupa daftari chini ya kitanda.

Jumamosi, 5 Aprili

Editha kaliokota daftari. Jioni kanifuata nyuma ya tangi. Kasema ataungama, tuendelee.

Yeye anasoma neno, mimi narudia. Nikikosea l anagonga tangi mara moja. Nikikosea r, mara mbili, na r ndiyo iliyonishinda. Ngara, mbili. Ngara, mbili. Français, mbili. Tangi ni tupu, linalia kama ngoma, mlinzi kaja kutufukuza. Tumehamia nyuma ya ghala.

Alhamisi, 10 Aprili

Kesho. Nimekunywa chai tu.

Editha anasema niseme taratibu. Anasema pia nikubali tu Leokadia kesho, nisimuudhi mtu mwenye kalamu. Ushauri mzuri. Bado sijui.

Ijumaa, 11 Aprili

Ofisini kwake. Meza, feni mbovu, faili zetu zimepangwa. Swali la kwanza nililijua tangu Februari. Comment vous appelez-vous, yaani unaitwa nani?

Je m'appelle Reokadia.

Zote mbili zilikaa mahali pake. L ilikuwa l, r ilikuwa r. Alisikia. Niliona amesikia.

Akasema, "Leokadia." Nikasema, "Non, Monsieur. Reokadia." Akaweka kalamu chini. Nilifikiria jembe. Nilifikiria dada wa miwani. Halafu nikasema kwa Kiswahili, maana kwa Kifaransa sikuweza, "Mwalimu, naomba utazame cheti changu. Kwenye je m'appelle nilikosea, nimejifunza. Kwenye jina langu sikukosea."

Akafungua faili. Akatazama cheti muda mrefu kuliko kilivyo na maandishi. Akakifunga. Akauliza swali la pili, naishi wapi. Nikasema J'habite à Ngara. Ikatoka Ngara. Maswali yaliyobaki siyakumbuki.

Jumatatu, 14 Aprili

Orodha imebandikwa. Watatu wamepelekwa Kilimo. Nilianza kutafuta jina kwenye hao watatu. Sikuwemo.

Nikatafuta Kifaransa, kwenye L. Sikuwemo. Editha akanivuta mkono, akanishushia kidole chini, chini, mpaka kwenye R.

Reokadia. Kwa kalamu nyekundu ile ile.

Alama zangu zimezidi nusu kidogo tu. Najua kanibana. Simshukuru.

Jumanne, 22 Aprili

Pasaka imepita. Mkesha tuliimba Aleluya mpaka sauti zikakauka. Editha alinitazama kutoka kwenye kwaya, akakaza midomo asicheke.

Leo kondakta kaleta mfuko kutoka kwa Mama. Mapera. Hakujua, sikuwahi kumwambia wananiitaje. Nimekaa kwenye ngazi za darasa nakula, hakuna aliyetania, wengi walikuwa wananiomba niwagawie.

Shemdoe alipita akasimama. Nikamuuliza mapera kwa Kifaransa yanaitwaje. Akafikiri. Akatazama juu. Akasema hakumbuki, atatafuta kwenye kamusi. Hajui, huyo.

Nikampa moja aende nalo. Nilimchagulia dogo.