Saratani Yangu Si Ile ya Baba

Bwaise, Kampala
9 Juni

Kwako kaka yangu Sylvanus,

Pokea salamu zangu nyingi. Hamjambo hapo Bungoma? Wifi mguu umepona? Mahindi yameota vizuri? Mimi ni mzima, na neno hilo nimeliandika makusudi.

Naandika kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Ulisema nifunge biashara nirudi nyumbani nikiwa bado natembea, kwani saratani ni saratani, na mwisho wake tuliuona kwa Baba. Kaka, nakuheshimu, lakini hapo umekosea.

Daktari wangu, mama mmoja Mwacholi aitwaye Aciro, alinieleza taratibu mpaka nikaelewa. Saratani hutofautiana kulingana na mahali ilipoanzia. Kuna zinazoanzia kwenye ngozi au utando wa ndani ya mwili, kama ile ya Baba ya koo la chakula. Kuna za mifupa na misuli, kuna za damu, na kuna za tezi, ndizo hizi zilizonivimba shingoni. Kila moja ina matibabu yake. Nikamwambia hata sokoni kwetu Owino sote tunauza mitumba, lakini ukinunua robota la mashuka usitegemee kukuta jinzi ndani. Alicheka sana, akasema nimewashinda wanafunzi wake.

Sasa nikwambie ukweli. Nimeshatiwa dawa mara tatu bila kukuarifu. Nywele zimekwisha, natapika, na siku nyingine najifungia nalia. Lakini uvimbe umenywea, na kibanda sijafunga.

Lipo kubwa kuliko hilo. Baba alipougua, aliandikiwa barua ya kwenda hospitali kubwa ya Eldoret. Aliniomba nimpeleke. Wewe ukasema tusimtese mzee bure, nami nikaificha barua ndani ya Biblia yangu, nikamdanganya kwamba madaktari wameshauri abaki nyumbani. Pengine asingepona. Lakini alitaka kujaribu, nami nikamnyima. Naona aibu mpaka leo, na sitakubali kufanyiwa nililomfanyia yeye.

Kwa hiyo siji. Binamu yetu Nerima ameniambia mmeshafyeka nyuma ya migomba, pale anapozikwa binti asiyeolewa. Pandeni maharage hapo, Kaka.

Nisalimie watoto wote, na wifi umwambie nampenda.

Ni mimi dada yako, ambaye Jumatatu anatiwa dawa ya nne,
Nanyama