Siku Miguu Yangu Haikujibu

3 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima na yale mafua yamekuachia. Sisi tu wazima. Baba anakohoa kidogo, mama ni yuleyule. Mimi nyuzi za mgongoni zimetolewa, ila ulimi bado unaniuma nikinywa kitu cha moto.

Naandika kwenye karatasi kwa sababu simu yangu mama huipitia, eti anaangalia kama ina chaji. Barua hii nitampa dada wa mazoezi anayekuja kuninyoosha miguu, amesema mnafanya kazi jengo moja. Shuleni barua tunafundishwa kwa ile lugha nyingine. Nimejaribu kuandika hii kwa lugha hiyo, ikatoka kama malalamiko kwa watu wa umeme.

Shangazi, nakuuliza kitu na usinikasirikie. Niliingia chumba cha upasuaji mgongo umepinda, nikatoka mgongo umepinda. Walinipasua, wakanifunga, basi. Daktari wa mgongo alimwambia baba kwamba mtambo wa kupima mishipa ndio uliomsimamisha, na anayeutazama mtambo huo ni wewe. Mama amenikagua kama gari lililotoka gereji. Amekuta alama za sindano ndani ya nywele, nyingine kwenye vifundo vya miguu, na ulimi umeshonwa. Anasema wifi yake hakumtaka tangu siku ya posa na sasa amepata pa kulipizia. Nilimwambia si kweli. Halafu nikakaa nikawaza, mbona hujaja kuniona hata mara moja?

Na kuna jingine. Nilisikia sauti yako ikiniita Kasuku. Hakuna mwingine anayeniita hivyo, maana wengine wote wanajua siongei. Baba anasema niliota.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako.

9 Machi

Kasuku wangu,

Marahaba. Mafua yamekwisha, nashukuru, na nimefurahi kusikia nyuzi zimetoka.

Mwambie wifi yangu alama zile ni za waya zangu. Ukiwa usingizini mimi ndiye ninayeongea na mishipa yako ya fahamu. Natuma umeme kidogo kutoka kichwani, nasubiri mikono na miguu inijibu, na jibu linapanda kwenye skrini kama vilima. Daktari anakaza skrubu zake, mimi naangalia vilima. Sasa umeme ukipita, taya hujibana lenyewe, ndiyo maana tunaweka kitambaa kati ya meno. Chako kiliteleza, meno yakaushika ulimi. Kukiangalia ilikuwa kazi yangu. Nisamehe, mwanangu.

Kuhusu sauti, dawa za usingizi huleta ndoto za ajabu.

Kula, fanya mazoezi, msalimie mama.

Shangazi yako.

14 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Huku wazima, natumaini na huko pia.

Nilitaka kukuamini. Lakini ulimi umenieleza aya nzima, sauti umenipa mstari mmoja. Mimi mwenyewe nikidanganya huwa nafupisha.

Ngoja nikwambie ambalo sijamwambia mtu. Katika hiyo ndoto niliambiwa nisogeze vidole vya miguu. Nilijaribu, nikawa kama nasukuma mlango wa nyumba ya mtu mwingine. Tangu hapo, kila asubuhi kabla sijashuka kitandani navisogeza kwanza chini ya shuka, na mpaka visogee sipumui.

Mama anataka nipasuliwe tena. Daktari amekubali, anasema mgongo ukiachwa hivi utakuja kunibana mapafu. Mama amemwambia safari hii wewe usiwepo, na mimi nilikuwa nimekaa palepale. Sikukutetea. Nusu ya nafsi yangu ilikuwa upande wake. Maana kama umenificha kimoja, sijui vingine ni vingapi. Nitalalaje juu ya meza ile na simwamini anayenitazama?

Mtoto wa kaka yako.

29 Aprili

Mwanangu,

Huenda hutaki tena kusikia kutoka kwangu. Nimeandika jibu na kulichana, kisha nikaandika jingine nalo nikalichana. Mwili wangu mzima, na wewe nakuombea hivyo.

Hukuota.

Daktari alikuwa ameanza kunyoosha. Vilima vya mikono vilibaki, vya miguu vikalala, wa kushoto halafu wa kulia. Nikasema miguu haijibu. Daktari wa usingizi akakagua dawa zake, akapandisha presha yako, mimi nikapapasa waya zangu zote. Bado. Daktari akaniuliza, “Una uhakika?” Hakuwa na ubaya, ndivyo anavyopaswa kuuliza. Nikasema kuna njia moja ya kujua. Wakapunguza dawa hadi ukawa karibu na kuamka, huku mgongo uko wazi. Nesi akakuita kwa jina la shule, wala hukusikia. Nikaingia chini ya lile shuka la kijani nikakwambia, “Kasuku, bana mikono.” Ukabana. “Sogeza vidole vya miguu.” Chumba kizima tukakodolea miguu yako. Haikusogea hata kidogo. Daktari akalegeza vyuma, akavitoa vyote. Vilima vilirudi wakati anashona.

Kaka yangu aliniomba nisikwambie, alihofia ungekataa kurudi. Nikakubali upesi mno, kwa sababu kunyamaza kulinifaa mimi. Kazini hawakujua wewe ni damu yangu, natumia jina la mume wangu. Ndugu wa mgonjwa hukaa nje, ndivyo tunavyofanya kazi, nami nilikaa ndani kwa kuwa sikumwamini mwingine akutazame. Nilipokuita jina la nyumbani, wote wakanigeukia. Tangu hapo nimesimamishwa kazi, wanachunguza, na barua zako dada wa mazoezi huniletea nyumbani. Sikuja kukuona kwa aibu.

Wanaloniuliza wao ndilo analouliza mama yako. Je, uti wako wa mgongo ulikuwa hatarini kweli, au dawa ilikuwa bado nzito miguuni, au nilimwona mtoto wangu nikaogopa? Sijui. Ningenyamaza ukaamka hutembei, kila mtu angejua nimekosea. Nilisema, umeamka unatembea, na hakuna atakayejua kama nilipatia.

Usinitetee kwa mama. Chagua unavyoona wewe.

Shangazi yako.

17 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa wodini, kesho asubuhi wananirudisha mezani. Afya njema, njaa tu, wamenikataza kula.

Barua yako nilimsomea baba. Hakubisha. Nilimnunia wiki nzima na hakuna aliyegundua, kwa kuwa kawaida yangu ni hiyohiyo.

Sikuomba uwepo. Nikisema niliomba nitakuwa nimekudanganya. Wasingekubali, lakini hata mimi sitaki anayetazama miguu yangu awe na moyo wa kwenda mbio kabla ya macho.

Leo amekuja mtu mpya wa mtambo, baba mmoja mnene mwenye miwani. Alinipima kichwa kwa tepu akatia alama za kalamu. Mama alimsimamia kama askari. Sasa mimi, ambaye darasani nashindwa hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni, nikafungua mdomo nikamwambia, “Miguu yangu ikinyamaza, sema. Sema haraka. Usiuonee huruma mgongo wangu, hata kama nitaamka nimepinda tena.”

Akaacha kupima. Akasema atasema.

Nilidhani mama atanigombeza. Alimgeukia yule baba, kwa ile sauti anayomwulizia muuza nyama kama nyama ni ya leo, akataka kujua kama jana alilala vizuri na kama macho yake yamepimwa karibuni. Yule baba akajibu kwamba amelala, na miwani ni mpya.

“Basi,” mama akasema, “fanya alivyokwambia mtoto.”

Jioni ameniuliza siku hizi unakaa nyumba ipi. Anasema barua hii ataileta mwenyewe. Nitaifunga kwa gundi pande zote. Ukiipata, angalia kama imefunguliwa, halafu umkaribishe ndani.

Mtoto wa kaka yako.